Nani Apande Kwanza? Mbegu, Foleni na Sheria Huku Kwetu

Ukitaka kujua nani ni mkubwa kwa boma la Mjaluo, usihesabu ng'ombe wala usiangalie nani ana nyumba ya mabati. Ngoja mvua ya chwiri ikaribie, ile ya Machi, halafu uangalie nani anashika mbegu kwanza.

Hiyo inaitwa golo kodhi. Golo ni kutoa, kodhi ni mbegu. Kutoa mbegu, basi. Kama umekulia Nairobi ama hata hapa Migori mjini, pengine umeisikia tu siku watu wazima wanazozana matangani, mmoja analalamika kwamba ndugu mdogo alipanda kabla ya mkubwa, na wewe uko hapo pembeni na soda yako unashangaa, kwani kupanda mahindi nako kuna foleni?

Ndio, kuna foleni. Na rika letu tuna majibu mawili tu kuhusu hiyo foleni. Kuna wale wa "ni mila yetu, heshimuni", na kuna wale wa "ni mambo ya kishamba, tuachane nayo". Mimi yote mawili yananichosha, juu hakuna upande umeuliza hii kitu ilikuwa inafanya kazi gani. Kwa hivyo leo nataka tuiangalie pole pole, kutoka Homa Bay hadi Migori, na nitasema wazi mahali naona ilikuwa na akili na mahali naona imeumiza watu.

Foleni yenyewe iko hivi. Mwenye boma na mikayi, mke wa kwanza, ndio wanaanza. Usiku kabla ya kupanda wanalala pamoja, na hapa sizungumzii kulala usingizi. Tendo la ndoa lilikuwa sehemu ya kupanda, kama vile jembe. Asubuhi mikayi anatoka na mbegu. Baada yake anafuata nyachira, mke wa pili, halafu reru, wa tatu. Watoto wa kiume walio na nyumba zao wanafuata kwa umri, mkubwa kabla ya mdogo. Wakati wa kuvuna foleni ni ile ile. Ukiruka mtu, umevunja chik, yaani kanuni, na matokeo yake ni chira: mtu anakonda, anadhoofika, watoto wanaugua, boma linakauka. Ndio maana mzee wa miaka 60 anaweza kukaa na mbegu ndani ya nyumba, mvua inanyesha nje, na hapandi, anamngoja kaka yake wa miaka 65 arudi kutoka Mombasa.

Inachekesha, lakini fikiria boma la miaka 150 iliyopita. Hakuna duka la pembejeo Rongo, hakuna pakiti ya kilo mbili. Mbegu yote ya mwaka ujao iko ndani ya boma, kwenye dero, ile ghala ya fito iliyoinuliwa kutoka ardhini, kila mke na yake. Masuke mazuri kabisa ya mtama yalichaguliwa wakati wa kuvuna yakaning'inizwa juu ya meko, moshi uwafukuze wadudu. Kunde na maharagwe zilichanganywa na majivu zikafunikwa kwenye nyungu. Hiyo mbegu iliangaliwa na watu wenye njaa kila siku kwa miezi, na haikuliwa. Sasa mvua ya kwanza ikinyesha Februari, ile ya kudanganya, ya siku mbili halafu jua kali wiki tatu, kijana mwenye haraka angemwaga mbegu yote na ingeoza. Kwa maoni yangu golo kodhi ilikuwa breki. Uamuzi wa kufungua akiba uliwekwa mikononi mwa mtu ambaye ameona chwiri nyingi kuliko wengine, na ukafungwa kwa woga wa chira ili mtu asijaribu kuwa mjanja. Siwezi kuudharau mpango kama huo. Watu walikula juu yake.

Na usidhani mbegu ilikaa shambani tu. Imeingia hadi kwa kitambulisho chako. Akeyo na Okeyo ni waliozaliwa wakati wa kuvuna, keyo. Adoyo na Odoyo, wakati wa palizi, doyo. Odero na Adero wametoka kwa dero, ghala. Na Okech na Akech, pole sana, mlikuja wakati wa njaa, kech. Darasa letu la msingi lilikuwa na Akeyo wawili na Odoyo mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mwalimu akiita majina anasoma kalenda ya kilimo.

Mtama, bel, na wimbi, kal, ndizo zilikuwa mbegu zenye heshima kubwa. Zilitengeneza kuon, zilitengeneza nyuka, na zilitengeneza kong'o, pombe ambayo wazee waliizunguka ikiwa ndani ya chungu kimoja, kila mtu na oseke wake, mrija mrefu. Bila kong'o hakukuwa na sherehe ya kueleweka, na mazishi ya mtu mkubwa yalikuwa na kasoro. Hata ile hadithi ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay ambalo watu huenda kupigia picha flamingo, inaanza na karamu ya pombe: bibi kizee mgeni anafika, anafukuzwa, mvua inanyesha, na kijiji chote kinazama. Ukiwa na nafaka ya kutosha kutengeneza pombe, huna kisingizio cha kumnyima mgeni.

Hizi mbegu ni za zamani kiasi gani? Kisiwani Rusinga, hapo hapo Homa Bay ambapo watu wanaenda kwa tamasha, watafiti wamechimbua matunda na mbegu zilizogeuka mawe, za karibu miaka milioni 18, kwenye tabaka moja na yale mabaki ya Proconsul, nyani wa kale aliyetafutwa sana na akina Leakey. Hizo ni za msitu, hakuna aliyezipanda. Za kupandwa zimeonekana Kakapel, kule Busia, kwenye mwamba wenye michoro. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo yao: kunde za miaka 2,300 iliyopita. Kunde! Boo, ile mboga unayoikataa nyumbani. Mababu wa Wajaluo hata hawakuwa wamefika hapa. Wao walikuja baadaye, kwa makundi, kutoka upande wa Sudan Kusini kupitia Uganda, na Bethwell Ogot aliandika safari hiyo kwenye kitabu chake cha 1967. Walikuta watu wenye mashamba tayari. Walikuta Abasuba visiwani na pwani ya ziwa, na mpaka leo kuna michoro ya mwambani Mfangano, pale Kwitone na Mawanga, ambayo wenyeji huihusisha na kuomba mvua. Wakuria wa Kehancha na Isebania nao wana wimbi lao na taratibu zao, lakini hiyo ni ya Mkuria kuandika, sio mimi.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema foleni ya golo kodhi iko vile vile tangu Adamu na Hawa, mwambie apunguze. Mila zilikuwa zinakutana, zinachanganyika, zinakopana. Kilichozigandisha, kwa maoni yangu, ni karatasi. Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo kwa Kijaluo. Ni kitabu kizuri na bila hicho tungekuwa tumepoteza mengi. Lakini angalia nani alikiandika: mtu wa kanisa la Sabato, ambalo lilikuwa limefungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, tangu 1906, na tena chifu wa serikali ya mkoloni. Mkristo ndiye alituandikia kanuni za chira. Na mambo yakishaandikwa, mzee anayebishana na mwingine hawezi tena kusema "kwetu tulifanya hivi kwa sababu mwaka huo mvua iliwahi." Anaambiwa, kitabu kinasema hivi. Kile kilichokuwa mazungumzo kikawa sheria.

Halafu kuna wanawake. Hapa ndipo uvumilivu wangu unaisha.

Mjane kwa Kijaluo ni chi liel. Mke wa kaburi. Rudia hilo jina polepole. Kwa hesabu ya golo kodhi, kupanda kunahitaji wawili, na wake ameshazikwa. Kwa hivyo hawezi kutoa mbegu mpaka afanyiwe tero, arithiwe na jater, kwa kawaida shemeji ama mwanamume mwingine wa ukoo. Kabla ya hapo kuna nyumba hawezi kuingia na kuna kazi hawezi kuanza. Na kama yeye hajapanda, wanawe wanaomfuata kwenye foleni nao wamekwama. Mvua haijui kama mtu amefiwa. Ikipita, imepita.

Zamani tero ilikuwa na upande wake wa kazi: jater alitakiwa kulima, kuezeka nyumba, kuangalia watoto wa marehemu. Ilikuwa bima, tuseme. Halafu ikaja miaka ya themanini na tisini, na ukimwi. Wanaume walikufa, wajane wakaongezeka, mashemeji wakaogopa, na ikazuka biashara ya kumlipa mtu wa nje aje "amsafishe" mjane usiku mmoja aende zake. Bima ikaondoka, hatari ikabaki. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulipata Homa Bay asilimia 19.6 ya watu wazima wanaishi na virusi, Migori 13.0, wakati nchi nzima ni 4.9. Siwezi kusema ni golo kodhi ilileta hiyo namba; kuna biashara ya samaki ufuoni, kuna umaskini, kuna mambo mengi. Lakini mwanamke ambaye hawezi kupanda kunde zake bila kulala na mtu ambaye hajamchagua, huyo amewekewa foleni yenye sumu, na mimi sitaiita heshima.

Na watu wamebadilika, bila kungoja maoni yangu. Kuna familia siku hizi jater anaweka koti lake tu ndani ya nyumba ya mjane, asubuhi analichukua, na boma linahesabu kwamba kazi imefanyika. Kuna wajane wa makanisani wanaoombewa na kupanda siku hiyo hiyo. Kuna wanaopanda tu. Wazee wanalalamika, mtama unaota.

Kuna tunda moja ambalo lazima niliseme kabla sijaenda kwa serikali. Yago. Kwa Kiswahili ni mvungunya, ule mti wenye matunda marefu yananing'inia kama soseji kubwa, moja linaweza kuwa na kilo kadhaa na mbegu zimejaa ndani. Wakikuyu hulitumia kutengenezea muratina, wana raha zao. Kwetu sisi yago ni mwili.

Mtu akipotea na asipatikane, amezama ziwani, ama amefia vitani ama nchi za mbali ambako hakuna namna ya kumrudisha, familia inachukua tunda la yago na kulizika badala yake. Linachimbiwa kaburi. Linaliliwa. Linapewa nafasi kwenye boma ambayo marehemu angepewa. Ukiishi Sori, Karungu, Muhuru Bay, Mbita, mahali ambapo mashua hutoka jioni na nyingine hazirudi, huwezi kucheka hii kitu. Bila mazishi huyo mtu hana mahali, na walio nyuma yake hawana ruhusa ya kuendelea: mke hajui kama ni mke ama ni mjane, na kwa foleni ya mbegu kuna pengo ambalo halijazibwa. Yago linafunga hesabu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza walichukua vijana wa Nyanza kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika, ile Carrier Corps iliyoipa Kariokor jina lake Nairobi, na wengi walifia huko kwa kuhara na malaria, bila jina kaburini. Serikali ilipoteza hesabu yao. Boma halikuweza kupoteza hesabu, na lilikuwa na tunda la kufanyia hiyo kazi. Kwangu hakuna matumizi ya mmea yenye utu kuliko hayo, na nashangaa watu wanabandika picha ya yago mtandaoni na maneno "ona huu mti wa ajabu" bila kujua linabeba nani.

Sasa serikali. John Ainsworth alifika Nyanza kama mkuu wa mkoa mwaka 1907 na akaanza kugawa mbegu: mahindi, ufuta, pamba. Mkoloni alitaka mazao ya kuuza ili watu wapate pesa za kulipa kodi. Mahindi yalipendwa kwa sababu zake nzuri, ndege hawayasumbui kama mtama, watoto wangepumzika kukaa shambani kutwa wakipiga kelele. Pole pole mtama ukasukumwa ukutani. Mwaka 1964 Kitale ikatoa mahindi chotara ya H611, yanazaa sana, lakini mbegu yake ukiihifadhi na kuipanda tena mavuno yanashuka. Unanunua kila mwaka. Hapo ndipo meko ya dani ilipoanza kupoteza kazi. Mtu akiwa na pakiti ya dukani, kwa nini aning'inize masuke? Ingawa cha ajabu ni kwamba hata hiyo pakiti iliingizwa kwenye foleni. Ilinunuliwa kwa M-Pesa iliyotumwa kutoka Nairobi na bado ikangoja mikayi.

Mahindi ya kienyeji hayakufa yote. Kuna nyamula, ya njano, kuna rachar, meupe, na kuna wakulima wanaoyashikilia kwa sababu yanavumilia kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi, kuliko mengi ya dukani. Mtama nao una ochuti, una andiwo. Na kwa kejeli ya historia mtama umerudi kupitia pombe tena: Senator Keg ilianza 2004, kampuni ikawa inanunua mtama mweupe kwa wakulima, ushuru ukapandishwa 2013 na soko likaanguka, kiwanda cha Kisumu kikafunguliwa tena 2019. Kong'o imerudi na mita ya ushuru juu yake.

Lakini mtu mkubwa zaidi kuingia kwenye foleni ya mbegu alikuwa Bunge. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilirekebishwa 2012. Baada ya hapo, kuuza ama kubadilishana mbegu ambayo haijasajiliwa na kuthibitishwa kungeweza kukupeleka jela miaka miwili, ama faini hadi shilingi milioni 1, ama yote mawili. Yaani dani akimpa jirani yake gorogoro ya kunde naye apewe njugu mawe, hao wawili ni wahalifu. Kitu ambacho wanawake wa huku wamefanya tangu kunde zifike. Najua sababu iliyotolewa: mbegu feki zipo, mkulima anauziwa mahindi ya kula yaliyopakwa rangi, anapoteza msimu mzima. Huyo mwizi wa dukani afungwe, sina shida. Lakini sheria haikumtofautisha na bibi mwenye nyungu. Na hii ni baada ya Katiba ya 2010, ambayo Ibara yake ya 11 inaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za asili na jinsi jamii za Kenya zinavyozitumia. Bunge liliambiwa lilinde, likaweka jela.

Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walienda Mahakama Kuu ya Machakos. Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto alikubaliana nao na kusema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, pamoja na vile vilivyowapa wakaguzi nguvu ya kuvamia benki za mbegu za wakulima na kuchukua mbegu. Huku kwetu habari ilipita kimya, watu walikuwa wanaongea siasa. Mimi nililia kidogo, siwezi kukuficha.

Sasa tusishangilie nusu. Katiba hiyo hiyo iliyomtetea dani na gorogoro yake ina Ibara ya 2(4), inayosema sheria yoyote, pamoja na ya kimila, ambayo inagongana na Katiba ni batili kwa kiwango cha huo mgongano. Na Ibara ya 27 inasema mwanamke na mwanamume ni sawa. Huwezi kushika Ibara ya 11 mkono mmoja kumfukuza mkaguzi wa serikali, halafu mkono mwingine unamzuia chi liel kufungua nyungu yake mwenyewe mpaka mwanamume apatikane. Wazee wengi wanaijua Ibara ya 11 sasa, wameifurahia. Ningependa hizo nyingine mbili zisomwe kwa sauti pale bomani, kwa Kijaluo safi, wiki moja kabla ya chwiri, wakati mbegu bado ziko juu ya meko na kila mtu yuko nyumbani.